R50 au ZV-E10? Soma kwanza kabla hujatuma pesa Dar

Ukiwa Kigoma na unatafuta kamera yako ya kwanza isiyo na kioo ndani (mirrorless), bajeti ikiwa ya kuanzia, utazunguka wee na mwisho utabaki na majina mawili: Canon EOS R50 na Sony ZV-E10. Sony ilitoka 2021, Canon ikaja 2023. Zote zina sensa ya ukubwa wa APS-C yenye megapikseli 24.2, na zilipozinduliwa Marekani, kila moja pamoja na lenzi yake ya kuanzia ilitajwa kwa dola 799 hivi. Kwa hiyo muuzaji anayekusukumia moja kwa hoja ya megapikseli anakupotezea muda. Picha ya namna hiyo ina nukta 6,000 kwa 4,000, yaani unaichapa kwa upana wa inchi 20 kwa nukta 300 kila inchi bila kuikuza. Albamu ya harusi haifiki huko.

Tofauti zenye uzito ziko kwingine, na ya kwanza ni jua.

Nenda Kibirizi saa sita mchana, dagaa wameanikwa, mchanga unang'aa na ziwa nalo linarudisha mwanga. Washa ZV-E10. Skrini yake itakuonyesha uso wako na kofia yako, dagaa huwaoni. Kamera hii haina kidirisha cha kuchungulia, ina skrini tu. Kwenye mipangilio ya mwanga wa skrini kuna chaguo la "Sunny Weather", nalo linasaidia kiasi, lakini linakula betri na bado utakuwa unakisia kama fokasi imeshika jicho au imeshika kamba ya mtumbwi nyuma yake. R50 ina kidirisha cha kielektroniki cha nukta milioni 2.36. Unaweka jicho, dunia ya nje inazimika, unaona picha jinsi itakavyotoka. Kwa mpiga picha za nje hili peke yake linamaliza ubishi, na ndiyo maana mtu wa harusi, kipaimara na picha za ufukweni namwelekeza kwenye R50 bila kusita.

Lakini R50 ina mtego wake, na wengi wanaugundua wakati bibi harusi ameshafika.

Mtego uko juu ya kamera, pale inapochomekwa flashi. Canon wameweka mfumo mpya wa pini ndogo na wameondoa ile pini kubwa ya katikati. Flashi ya zamani ya Canon, flashi ya Kichina ya pini moja, hata kile kifaa cha kuwashia taa za studio kwa mawimbi, vyote vitaingia vizuri, vitakaa, na havitawaka. Unahitaji adapta ya Canon iitwayo AD-E1. Iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, au ununue flashi iliyotengenezwa kwa mfumo huo mpya. Usidanganyike na flashi ndogo iliyojengwa ndani ya R50. Namba ya nguvu yake (guide number) ni 6 kwa ISO 100 ukipima kwa mita; ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga. Ukipandisha ISO hadi 400 na tundu la lenzi likiwa f/4.5, unamfikia mtu aliye mita 2.7 tu. Inafaa kuondoa kivuli cha kofia usoni mchana. Kumulika meza kuu ukumbini haiwezi.

ZV-E10 haina flashi ya ndani, ila flashi ya pini moja inawaka juu yake bila adapta, mradi uipange nguvu kwa mkono na usipite kasi ya shata ya 1/160. Kwa hiyo mwenye studio ya picha za pasipoti pale mtaa wa Mwanga, Kigoma, ambaye tayari ana taa zake na kifaa cha kuziwasha, atafunga Sony na kuendelea na kazi siku hiyohiyo.

Tuje kwenye lenzi zinazokuja na boksi. Ya Sony ni 16-50mm, f/3.5 hadi f/5.6. Ya Canon ni 18-45mm, f/4.5 hadi f/6.3. Namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi. Zinaonekana ndugu, lakini kwenye upande mpana Sony inaingiza mwanga zaidi kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga maradufu). Kwenye ukumbi wenye taa hafifu hiyo ni tofauti kati ya ISO 3200 na ISO 5000. Tena 16mm ya Sony inaona upana wa 24mm ukilinganisha na filamu ya zamani, ya Canon inaona kama 29mm. Mtu anayejirekodi kwa kunyoosha mkono atapata uso na ziwa nyuma yake kwenye Sony. Kwenye Canon atapata uso, sikio na bega.

Ukweli ni kwamba zote mbili ni lenzi za mchana. Jioni, ukumbini, ndani ya nyumba ya udongo yenye dirisha moja, utahitaji lenzi ya pili, na hapo ndipo unapotakiwa kufikiri kabla ya kununua mwili wa kamera. Uliza wapiga picha wa mtaani kwako wana nini. Kama jirani yako ana Canon ya kioo ya zamani (DSLR) na lenzi ya EF 50mm f/1.8, basi kwa adapta ya EF-EOS R lenzi hiyo inakaa kwenye R50 na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Lenzi za EF-S nazo zinakaa. Unaazima, unakodi, unanunua iliyotumika kwa bei ya kuelewana. Upande wa Sony hakuna hicho cha urithi, lakini lenzi mpya za wengine ziko nyingi na zimekuwepo muda mrefu: Sigma 30mm f/1.4 ndiyo ningeitaja ya kwanza, maana kwa kazi za ndani haina mpinzani wa bei yake. Kwa Canon, Sigma walianza kutoa lenzi za APS-C za mfumo wa RF mwaka 2024 tu.

Anayefikiria Gombe kwa ajili ya sokwe, kamera zote mbili zina lenzi ya bei ya chini ya 55-210mm. Ya Canon inaishia f/7.1, ya Sony f/6.3, na msitu wa bondeni ni giza hata saa nne asubuhi. Manyoya meusi yanaidanganya kamera: inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, sokwe anatoka kijivu na majani yanaungua. Weka fidia ya mwanga (exposure compensation) kwenye -0.7. Flashi usiifikirie kabisa. Hairuhusiwi mbele ya sokwe.

Sasa video. Hapa mambo yanageuka, Sony inatangulia.

Kabla hujarekodi chochote, kwa kamera yoyote ile, badilisha mfumo wa video kuwa PAL, ule wa fremu 25 au 50 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara mbili ya hapo, yaani mara 100 kwa sekunde. Ukiacha kamera kwenye NTSC na kurekodi fremu 30 kwa kasi ya 1/60, utaona mistari myeusi ikipita kwenye ukuta mweupe nyuma ya maharusi, na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Kwenye ZV-E10 fungua menyu, sehemu ya Setup, tafuta "NTSC/PAL Selector". Itakutaka uifomati memori kadi, kwa hiyo hamisha kazi zako kwanza. Baada ya hapo chagua XAVC S 4K, 25p 100M, shata 1/50. Kuna faida ya pili: kwenye fremu 30 za 4K Sony hii inakata kingo za picha kwa 1.23, lakini kwenye 25 inatumia upana wote wa sensa. Kwenye R50 chaguo linaitwa "Video system", weka "For PAL". 4K yake haikatwi hata kwenye 30.

Tatizo la 1/50 ni mchana. Kwenye jua kali kwa ISO 100 kasi hiyo inadai f/22, na hapo picha inapoteza ukali. Nunua kichujio cheusi cha ND cha kuzungusha. Cha lenzi ya Sony ni kipenyo cha 40.5mm, cha Canon 49mm. Angalia namba iliyoandikwa mbele ya lenzi. Kununua kwa kukadiria macho ni kununua mara mbili.

Sauti ndiyo sababu hasa ya kuwepo kwa ZV-E10. Ina maiki tatu juu yake na inakuja na manyoya ya kuzuia upepo, ambayo ukiwa kwenye mtumbwi upepo wa ziwa ukivuma utayashukuru. Ina tundu la maiki na tundu la kusikilizia. R50 ina tundu la maiki tu. Hiyo ina maana ukimfungia MC au shehe maiki ya kubana kwenye kanzu, kwenye Sony utasikia papo hapo kama waya unakwaruza nguo. Kwenye Canon utasikia nyumbani. Ukiwa na R50, rekodi sekunde 20, icheze, sikiliza, ndipo uanze. Ni usumbufu, lakini nikahi haisomwi mara mbili.

Dosari za Sony kwenye video nazo ni mbili. Ukigeuza kamera haraka, au kitu kikipita mbio, mistari ya wima inapinda: rekodi treni ikipita mbele yako pale stesheni, mabehewa yatalala kama yanataka kuanguka. Geuza polepole. Ya pili ni joto. Kwenye 4K ndefu ndani ya ukumbi uliofungwa inaweza kujizima. Weka "Auto Pwr OFF Temp." kwenye High, na ifungue skrini iwe pembeni, isibanane na mgongo wa kamera, ili joto lipate pa kutokea. R50 kwa upande wake inakata klipu ikifika saa moja, hivyo kwa hotuba ndefu mtu abaki karibu na kamera.

Betri ni ndogo pande zote: NP-FW50 kwa Sony, LP-E17 kwa Canon. Kwa siku ya harusi nunua tatu. Zile za bei ya kutupa zinavimba kwa joto na kung'ang'ania ndani ya kamera. Betri ikianza kuwa ngumu kutoka, itupe kabla haijakulazimu kuivuta kwa koleo. Umeme ukikatika, Sony inachajiwa kwa chaja ya kawaida ya simu au pawabanki kwa waya wa USB-C, hata ya zamani. R50 inataka chaja au pawabanki yenye PD (USB Power Delivery). Ukiichomeka kwenye chaja ya simu ndogo haitalalamika, itakaa kimya tu, na asubuhi betri iko vilevile.

Wakati wa kununua, soma jina lote. Kuna R50 V, ya 2025, ambayo haina kidirisha cha kuchungulia. Ukiichukua ukidhani ni R50, sababu kubwa ya kuichagua Canon imeondoka. Kuna ZV-E10 II ya 2024, yenye betri kubwa ya NP-FZ100, na hiyo ina bei yake. Halafu kuna Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Mwili uleule, boksi safi, bei ya kuvutia, na menyu ni ya Kijapani peke yake bila njia ya kubadilisha. Kama mzigo unatumwa kwa basi, mwambie muuzaji akurekodie video akiwasha kamera, akiingia kwenye menyu na kufungua "Language". Asipotaka, shika pesa yako.

Kwa kamera iliyotumika mwagize pia apige picha mbili na akutumie faili zenyewe kama zilivyo, si kupitia WhatsApp kama picha ya kawaida maana itabanwa. Ya kwanza apige anga au ukuta mweupe kwa f/16: madoa meusi yenye kingo laini ni vumbi na linasafishika, mistari au nukta kali zisizohama ni jeraha la sensa, huenda la taa za leza za ukumbini. Ya pili apige kifuniko kikiwa kwenye lenzi, sekunde moja, ISO 800: nukta za rangi zinazowaka ni pikseli zenye hitilafu. Mbili tatu si neno.

Memori kadi nunua yenye alama ya kasi ya V30, GB 64, na uijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kabla haijaingia kwenye kamera. Kadi feki inaandikwa GB 64 kumbe ni 8. Itapokea faili zote bila kulalamika na utakuta za mwisho hazifunguki. Na kadi ya kweli ya GB 64 kwenye 4K inakupa saa moja na dakika chache tu, basi nunua mbili.

Hakuna kati ya hizi iliyozibwa dhidi ya maji wala vumbi. Kwenye boti ya kwenda Gombe ikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Masika ihifadhi humohumo pamoja na pakiti za silika, maana ukungu ukishaota ndani ya lenzi fundi ataifungua na huenda isirudi sawa. Mchele usiweke, una unga. Lenzi ibadilishe ndani ya gari au ndani ya nyumba, kamera ikitazama chini, na vumbi jekundu likiingia tumia pampu ya mpira. Ukipuliza kwa mdomo umeongeza mate.