Gift si zawadi: kwa mlioanza kutafsiri juzi

Wiki hii nimerudisha faili la tatu lenye kosa lilelile. Sikilizeni, wadogo zangu, kabla presha haijanipanda.

1. Kijerumani chako kisikutie kiburi kwenye Kinorwe. "Gift" kwa Mjerumani ni sumu, basi. Kwa Mnorwe ni sumu vilevile, lakini pia ni mtu aliye kwenye ndoa. Wanorwe wenyewe hulitania sana neno hilo. Mimi sikuwa natania.

Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa fomu ya Kinorwe ya kupokea wagonjwa. Usiku, umeme hakuna, laptopu inakata roho, na mteja anataka kazi saa mbili asubuhi. Nikakuta "Er du gift?" Fomu ya afya hii, nikajiambia, nini kingine? Nikaandika: "Je, umekula sumu?" Swali lililofuata: kama ndiyo, kwa muda gani? Nikatafsiri, kengele haikulia. La tatu lilitaka jina la mwenzi. Nalo nikaliweka sawasawa kabisa, kana kwamba sumu huliwa wawili wawili! Fomu ikachapwa, ikagawiwa. Mama mmoja akasimama pale mapokezi akitaka kujua nani kamzushia kwamba anataka kujiua. Mkuu wangu hakufoka. Alinipigia simu, akanisomea yale maswali matatu polepole kama anasoma wosia, halafu akanyamaza. Ule ukimya naukumbuka mpaka leo.

2. Fuateni mzizi. Yote yametoka kwenye kitenzi cha kutoa, "geben" Ujerumani, "gi" Norwe. Gift ya zamani ni kitu kilichotolewa. Kaskazini wakatoa binti, yaani wakaoza, ndipo tukapata "gifte seg", kufunga ndoa. Wajerumani nao waliiga Kigiriki, ambako "dosis", utoaji, ilikuwa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Kupewa kukageuka kulishwa sumu, na maana hiyo ikapanda hadi Norwe. "Dosis" hiyohiyo ndiyo dozi yetu ya famasi.

3. "Mitgift", kwa Kinorwe "medgift", SI mahari. Mahari hutoka kwa mume. Hii ni mali anayoondoka nayo binti kwa wazazi wake. Kuna mmoja wenu aligeuza, ukoo mzima wa bwana harusi ukaonekana umelipwa na kulipa kwa wakati mmoja. Jina silitaji, anajijua.

4. "Giftig" ni yenye sumu kote kuwili. "Ugift" ni asiye na ndoa. Na kwa kuwa Mnorwe hatofautishi kuoa na kuolewa, kwenye fomu andikeni "Una ndoa?" mpumzike.

Ile fomu yangu, nilikuja kuambiwa, mzee mmoja aliijaza yote bila kuuliza chochote. Umekula sumu? Ndiyo. Kwa muda gani? Miaka 31. Jina la mwenzi akaliandika kwa herufi kubwa.