Ongeeni kabla mbegu haijaingia ardhini: ushauri kwa wakulima, wenye migahawa na majirani wanaokula

Watu wengi huniuliza swali moja, nimelima, mzigo umekomaa, nifanyeje nipate migahawa na maduka ya kununua? Na jibu langu huwa linawakera kidogo, kwamba hilo swali lilitakiwa kuulizwa kabla ya kupanda. Mzigo ukishaiva mkulima hana tena nguvu ya kuongea, nyanya haimsubiri mtu, na mnunuzi analijua hilo vizuri tu, hata akiwa mtu mwema bei ataipanga yeye. Mi nimekaa katikati ya hawa watu kwa muda mrefu, wakulima upande huu, wenye majiko na maduka upande ule, alafu majirani wanaokula hicho chakula, na kama kuna kitu nakiamini kutoka moyoni ni hiki, kwamba uhusiano wa maana kati yao unajengwa wakati shamba bado ni udongo mtupu.

Sababu yake ni rahisi. Jiko linahesabu kwa siku, shamba linahesabu kwa miezi. Mpishi akibadilisha menyu leo anataka kitu kipya jikoni kesho kutwa, wakati mkulima akiamua leo kupanda karoti atazivuna baada ya miezi miwili na nusu mpaka mitatu hivi, na nyanya toka uhamishe miche mpaka tunda la kwanza ni siku 60 mpaka 85 kutegemea aina, hapo wiki za kitaluni hujazihesabu. Hakuna mwenye kosa hapo, ila kila mmoja asipoijua kalenda ya mwenzake anaishia kumwona mwenzake hana msimamo. Nimeshawasikia wapishi wakisema wakulima hawaaminiki na wakulima wakisema wenye migahawa ni waongo, ukikaa nao vizuri unakuta hawajawahi kukaa meza moja na kuulizana unahitaji nini na lini.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kifanyike msimu ukiwa haujaanza, na mkulima asiende na swali la "mnataka nini", hilo swali linaleta majibu ya ndoto, mpishi atataja vitu vyote anavyovipenda duniani. Muulize wiki moja unatumia kilo ngapi za hiki na kile, siku gani jiko linakuwa bize zaidi, kitu gani huwa unakikosa, na kitu gani unanunua sasa hivi lakini hukiridhikii. Hilo la mwisho ndo lina dhahabu, maana hapo ndipo kuna nafasi yako, hutaki kushindana kwenye kitu ambacho tayari anakipata kizuri na kwa bei nafuu. Ukishapata majibu hesabu kurudi nyuma, kama anataka mboga za majani kila wiki basi huwezi kumwaga mbegu zote siku moja, unapanda kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili ili zipishane kukomaa. Na ukiahidi, ahidi pungufu. Kama shamba likienda vizuri linatoa kreti kumi, sema saba, kwa sababu mvua, wadudu na joto navyo vitachukua fungu lao, na hizo tatu zikipatikana hazikosi pa kwenda.

Kuhusu ubora, hapa ugomvi ni mwingi sana na mara nyingi unaanzia kwenye maneno. Mmoja anasema "nzuri" mwingine anasikia "kubwa", mmoja anasema "imeiva" mwingine anafikiria nyekundu ya kulika leo leo. Mi huwa nawaomba waweke matunda yenyewe mezani, mpishi aguse, aseme hii nachukua bei kamili, hii yenye kovu nachukua kwa bei ya chini naipika rosti au supu, hii sichukui kabisa, na wote wapige picha. Yaani dakika chache tu hizo zinaokoa miezi ya manung'uniko. Alafu usiyadharau hayo matunda ya pili, yale madogo, yaliyopinda, yenye alama, mkulima anayeuza gredi ya kwanza peke yake anaacha pesa shambani, na jiko lenye akili linajua kwamba kitu kinachokwenda kukatwakatwa hakihitaji sura.

Na ubora huohuo unapotea njiani kwa vitu ambavyo vinaweza kuzuilika bila gharama kubwa. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, katika ripoti yake ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba karibu asilimia 14 ya chakula duniani kinapotea kati ya kuvunwa na kufika kwa muuzaji wa rejareja, yaani kabla hata hakijaonekana dukani. Mboga ikishakatwa bado inapumua, na joto likipanda kwa nyuzi 10 upumuaji wake unaongezeka mara mbili au zaidi, ndo maana kuvuna alfajiri na kuweka kivulini hapohapo kunamsaidia mpishi kuliko ahadi nyingi za mdomoni. Kingine, matunda yanayoiva kama ndizi na nyanya yanatoa gesi ya ethilini, ukiyafunga pamoja na mboga za majani kwenye gari moja lililofungwa zile mboga zinageuka njano mapema. Na wewe mpishi, nyanya ukizilaza kwenye friji lenye baridi kali zinapoteza ladha, usije ukampigia mkulima kumlaumu. Hivi vitu kila upande unavijua kipande, vikiunganishwa chakula kinadumu.

Sasa habari mbaya. Kama kuna kitu kimoja kinachotofautisha uhusiano unaodumu na ule unaokufa msimu wa kwanza, basi ni muda wa kutoa taarifa mbaya. Mkulima ameona ukungu kwenye majani Jumatatu, mzigo unatakiwa Ijumaa, anakaa kimya anaomba Mungu mambo yakae sawa, Ijumaa asubuhi ndo anatuma meseji kwamba leo hamna. Jiko limeshaandika menyu, wateja wameshaweka oda, mpishi anakimbia kununua popote kwa bei yoyote na moyoni ameshamfuta yule mkulima. Angeambiwa Jumatatu angekasirika kidogo alafu angebadilisha menyu, basi. Vilevile mwenye mgahawa biashara ikilegea, aseme mapema wiki ijayo nitachukua nusu, mkulima atafute pa kupeleka ile nusu nyingine kabla haijakatwa. Mi nashauri muwe na siku maalumu ya wiki, siku moja ileile, mkulima anatuma orodha ya kilichopo na kinachokuja, jiko linajibu kabla ya saa fulani, na hilo grupu la WhatsApp liwe la kazi hiyo tu, salamu na video za kuchekesha ziende kwenye grupu lingine, maana nimeona oda zikizama chini ya picha za harusi.

Watu hupenda kuniambia kwamba lengo la haya yote ni kumkwepa dalali. Mi sikubaliani kirahisi hivyo. Wapo madalali wanaonyonya, na nimeshaona mkulima akilipwa kiasi ambacho hakitoshi hata kununua mbegu za msimu unaofuata, inaumiza sana. Lakini dalali anakusanya kidogo kidogo kutoka mashamba mengi, anachambua, anatafuta gari, analipa cash palepale na mzigo ukioza hasara ni yake. Ukimtoa, hizo kazi hazifutiki, zinamwangukia mtu mwingine, na mkulima mwenye shamba dogo akizibeba zote peke yake atachoka. Kabla hamjasema "tutauza moja kwa moja" kaeni mgawane hizo kazi kwa majina, nani gari, nani kuchambua, nani kukusanya pesa, na mzigo ukiharibika njiani nani anabeba nini. Na kama dalali mliyenaye ni mwaminifu, mwiteni kwenye kikao na yeye, aseme wazi anachukua ngapi na kwa kazi gani.

Hilo la nani anabeba hasara wengine wamelifikiria kwa undani kabla yetu. Japani miaka ya 1970 wanunuzi, wengi wao akina mama wa nyumbani waliokuwa na wasiwasi na dawa za shambani na kemikali kwenye chakula, walikubaliana na wakulima mpango wanaouita teikei, wanapanga pamoja cha kulima, bei wanaelewana, na wanunuzi wanachukua kinachovunwa. Mwaka 1986 kule Marekani mashamba mawili, moja Massachusetts na lingine New Hampshire, yakaanza mtindo wa familia kulipia fungu la mavuno kabla ya msimu, mvua ikinyesha vizuri kikapu kinajaa, ikikataa wote wanapungukiwa. Ufaransa wakaanza ya kwao mwaka 2001 kwa jina la AMAP, na imeenea nchi nzima. Mi kinachonivutia kwenye hayo yote ni kwamba pesa inafika wakati mkulima anaihitaji, yaani wakati wa mbegu na mbolea, na anayekula anakubali kuwa hali ya hewa ni ya wote. Huna haja ya kuiga kila kitu. Familia chache zikilipa nusu mapema, au mgahawa mmoja ukatoa advansi ya mbegu ambayo inakatwa polepole kwenye mizigo, tayari mkulima ameepuka mkopo wa riba kubwa.

Na tukiwa kwenye pesa, wenye migahawa naomba mnisikilize. Kusifia mkulima mbele ya wateja, kuweka jina la shamba lake kwenye menyu, alafu kumlipa baada ya miezi miwili, hiyo sio sapoti. Duka kubwa linaweza kukukopesha kwa sababu lina mtaji, mkulima mdogo hana, anachokudai wewe ndo ada ya mtoto na ndo mshahara wa kibarua wa wiki hii. Kama huwezi kulipa siku ya mzigo sema ukweli mwanzoni, kubalianeni wiki moja au mbili, iandikwe, na ikifika ulipe bila kukumbushwa. Wakulima wanaongea wao kwa wao, jiko linalolipa kwa wakati ndilo linapigiwa simu ya kwanza mazao yakiwa machache, hili nimeliona mara nyingi.

Majirani sasa, ambao kwenye mipango mingi wanakumbukwa mwisho. Waleteni shambani. Mtu akishaona jinsi magugu yanavyong'olewa kwa mkono juani hapigi tena kelele za bei kwa namna ileile, na maswali anayouliza yanamsaidia hata mkulima. Kule kusini mwa Brazili mtandao wa Ecovida, ulioanza mwaka 1998, umeenda mbali zaidi, uthibitisho wa kilimo hai, yaani kile kisichotumia dawa na mbolea za viwandani, wanaufanya wenyewe, wakulima wenzako na wanunuzi wanakuja kulikagua shamba lako na kujadiliana, badala ya kila mtu kulipia mkaguzi wa nje ambaye wengi hawamuwezi kwa gharama. Brazili hiyohiyo mwaka 2009 ilitunga sheria iliyosema angalau asilimia 30 ya pesa za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kutoka kwa wakulima wa familia, na hapo utaona kwa nini nawasisitiza watu wasiishie kwenye migahawa mizuri. Shule, zahanati, kantini ya kiwanda, hawa wanapika kila siku, kiasi chao hakibadiliki sana na wanajulikana mwaka mzima, kwa mkulima hiyo ni nanga nzuri hata kama bei yao iko chini kidogo. Yakizidi mazao pia mpango uwepo kabla, nani anapokea, jiko gani la watu wenye shida, nani anakausha au kusindika, usianze kutafuta namba za simu wakati matunda yanamwagika.

La mwisho ni mtu wa kuratibu. Mipango mingi niliyoiona ikifa haikufa kwa ugomvi, ilikufa kwa sababu mtu mmoja mwenye moyo alikuwa anapiga simu zote, anapanga gari, anasuluhisha, bure, kwa vocha yake, mpaka akachoka. Huyo mtu alipwe. Kabla kreti ya kwanza haijatembea mkubaliane asilimia ndogo kwenye kila mauzo au kiasi cha mwezi, kila upande uchangie, pamoja na simu na nauli. Na awepo wa pili anayejua orodha iko wapi, nani analeta nini siku gani na nani anadaiwa, ili wa kwanza akiumwa au akisafiri mzigo wa Ijumaa ufike vilevile.