Grafu ya mwaka mzima kwenye simu: anza na hesabu ya pikseli

Kabla hujachagua rangi, piga hesabu. Chukua mauzo ya duka ya mwaka mmoja. Simu nyingi za Android zina upana wa pikseli 360 hivi za usanifu (dp, kipimo kisichotegemea wingi wa nukta za skrini). Toa 16 za pambizo kila upande, toa 40 za tarakimu za mhimili wima, unabaki na 288. Siku 365 haziingii humo. Kila siku haifikishi hata pikseli moja, nguzo zitapandana ziwe doa. Jumlisha kwa wiki, kila nguzo ipate pikseli 5 na ushee, au kwa mwezi ipate 24. Majina ya miezi yote 12 hayatoshei. Usiyalaze mshazari, andika Jan, Apr, Jul, Okt, basi.

Kwenye kujumlisha ndiko wengi wanakoharibu. Hifadhidata nyingi hutunza muda wa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Mauzo ya saa saba usiku, tarehe 1 Machi, humo yameandikwa saa 22:00 ya siku ya mwisho ya Februari. Ukijumlisha kabla ya kubadili saa, jumla ya mwezi haitalingana na daftari la mwenye duka, na atakayeaminiwa ni daftari. Badili saa kwanza.

Wiki ya sasa nayo haijaisha. Ukiichora kama nyingine, kila Jumanne itaonekana biashara imeanguka. Ichore fremu tupu isiyojazwa rangi. Rangi hafifu haionekani juani, na simu hizi zinatumika barazani. Wiki isiyo na rekodi iache pengo. Sifuri ni ya duka lililofunguliwa lisiuze kitu.

Halafu kidole. Mwongozo wa Android unataka sehemu ya kugusa isipungue dp 48, kwa hiyo nguzo ya upana wa 5 haishikiki. Usimlazimishe mtu kuilenga: grafu nzima ipokee mguso, programu ichague nguzo iliyo karibu zaidi kwa mlalo. Jibu, mfano "10–16 Machi: sh. 412,000", likae juu ya grafu, mahali pale pale siku zote, maana likitokea panapoguswa litafunikwa na kidole. Kwenye wavuti ongeza touch-action: pan-y kwenye CSS ya grafu (kivinjari kibaki na kusogeza ukurasa juu na chini tu), la sivyo kivinjari kinaweza kunyakua mguso mtu akiwa katikati ya kuburuta.