Pengo kwenye besi: nani ahame, nani anunuliwe?

Maswali ya safari hii karibu yote yamekuja na jambo moja: timu ya besiboli ikimaliza msimu na safu yake ya ndani ina mapengo, inafanyaje mpaka msimu mwingine uanze? Nimeamua kujibu kwa kutumia majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025, hasa Yankees wa New York. Matokeo yake tumeshayaona, hatuna haja ya kupiga ramli.

Mimi ni mtu wa kandanda. Safu ya ndani ndiyo ipi, na kwa nini inawanyima watu usingizi? (Msomaji, Dodoma)

Ni watu wanne: wa besi ya kwanza, wa pili, wa tatu, na shotistopu anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Mpira ukipigwa ukaburuzika chini, kwa kawaida ni wao wanaoushughulikia, na wana sekunde nne hivi kabla mpigaji hajafika besi ya kwanza. Kosa dogo hapo halina pa kujificha.

Tafuta mechi ya tano ya World Series (fainali ya ubingwa) ya 2024, iningi ya tano; iningi za kawaida ni tisa, na katika kila moja kila timu hupata zamu ya kupiga. Yankees wako nyumbani, wanaongoza Dodgers 5-0. Aaron Judge anaangusha mpira mwepesi kule nje. Shotistopu Anthony Volpe anarusha kwenda besi ya tatu, mpira unadunda, mkimbiaji anasalimika. Besi zote zimejaa. Mrushaji Gerrit Cole anawatoa Gavin Lux na Shohei Ohtani mmoja baada ya mwingine, imebaki auti moja tu (mpigaji au mkimbiaji akitolewa ni auti, zikifika tatu zamu imekwisha). Mookie Betts anapiga kimpira kilegevu kuelekea besi ya kwanza. Anthony Rizzo anaudaka akiwa hatua kadhaa nje ya besi yake, anageuka ampasie Cole, na Cole hayupo. Hakukimbia kuifunika besi. Kabla iningi haijaisha ikawa 5-5, na usiku ukaishia Dodgers 7, Yankees 6, kombe likaenda Los Angeles.

Siku chache baadaye klabu ikakataa kumwongezea Rizzo mwaka, na mkataba wa Gleyber Torres wa besi ya pili ukawa umekwisha. Nusu ya safu imeondoka kwa mpigo.

Yankees pesa si tatizo. Si wangemchukua Adames, Alonso na Bregman, kazi ikaisha? (Nairobi)

Wote walikuwa sokoni, ni kweli. Shotistopu Willy Adames alikwenda Giants kwa miaka 7 na dola milioni 182. Alex Bregman wa besi ya tatu, Red Sox wa Boston, miaka 3 kwa milioni 120. Pete Alonso wa besi ya kwanza alisubiri mpaka Februari ndipo akarudi Mets kwa miaka 2, milioni 54. Ongeza Christian Walker, naye wa besi ya kwanza, aliyechukuliwa na Astros kwa milioni 60, miaka 3.

Lakini bei inayotangazwa siyo bei ambayo Yankees wangelipa. Ligi haina ukomo wa mishahara, ina kodi kwa timu ambayo jumla ya mishahara yake inavuka mstari uliowekwa. Mwaka 2025 mstari wa kwanza ulikuwa dola milioni 241, na wa juu kabisa milioni 301. Timu iliyozoea kuvuka mwaka hadi mwaka, ikipita huo wa juu, inalipa asilimia 110 ya kila dola iliyozidi. Piga hesabu: mchezaji wa milioni 20 kwa mwaka anakutoka milioni 42. Yankees walikuwamo kwenye kundi hilo. Halafu mchezaji aliyekataa ofa rasmi ya mwaka mmoja kutoka klabu yake (majira yale ilikuwa milioni 21.05), ukimsajili unapoteza nafasi za kuchagua chipukizi. Na fungu kubwa lilikuwa limeshakwenda kwa mrushaji Max Fried, milioni 218 kwa miaka 8, baada ya nyota wao Juan Soto kuwakimbia kwenda Mets kwa milioni 765.

Ndiyo maana wakachukua mzee wa miaka 37? (huyohuyo wa Nairobi, kwa hasira)

Ndiyo, na sioni aibu yake. Paul Goldschmidt, mchezaji bora wa ligi ya National mwaka 2022, mwaka mmoja kwa milioni 12.5. Alianza msimu kwa moto, akapoa, na kijana Ben Rice akawa anakula dakika zake pole pole. Kwa besi ya kwanza huo ni mkataba mzuri: unanunua muda wa kijana kukomaa.

Kwa nini wasimhamishe tu aliyepo? Mchezaji mzuri si mzuri popote? (Mombasa)

Hapa ndipo ninapotaka kukaa. Kwenye karatasi, kuhamisha ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote. Ndiyo pia inayovunja vyumba vya kubadilishia nguo.

Tuanze na iliyofaulu. Jazz Chisholm, kijana wa Nassau, Bahamas, aliletwa kutoka Marlins Julai 2024 akapelekwa besi ya tatu, mahali ambapo hakuwahi kucheza kwenye ligi kuu. Akajifunza huku mechi zikiendelea. Torres alipoondoka, Chisholm akarudishwa besi ya pili, nyumbani kwake. Katikati ya 2025 majeruhi yakawabana, akaombwa tena ashike ya tatu kwa wiki chache, akashika, kisha akarudi. Alimaliza msimu na homurani 31 (mipira iliyopigwa ikavuka uzio) na besi 31 za kuiba, yaani alizozikimbilia bila kungoja mpira upigwe.

Mfano wa pili ni Betts huyohuyo. Huyu aliyejijengea jina uwanja wa nje, mwenye glavu sita za dhahabu za huko (tuzo ya ukabaji bora), aliingia 2025 akiwa shotistopu wa kudumu, na miaka 32 begani. Alijua mapema, akafanya mazoezi majira yote ya baridi. Sasa nenda mechi ya saba ya World Series ya 2025, Toronto, iningi ya 11. Dodgers wanaongoza 5-4, auti moja, wakimbiaji wako besi ya kwanza na ya tatu. Alejandro Kirk anaburuza mpira kwa Betts. Betts anaudaka, anakanyaga besi ya pili mwenyewe, anarusha kwa Freddie Freeman. Auti mbili kwa mpigo mmoja, ubingwa. Mtu wa uwanja wa nje huyo!

Halafu tazama Boston. Rafael Devers alikuwa besi ya tatu yao, mkataba wa zaidi ya dola milioni 300. Februari 2025 wakamleta Bregman, fundi wa besi ya tatu. Devers akasema mbele ya waandishi kwamba wakati wa kujadili mkataba aliambiwa nafasi ni yake. Baada ya mvutano akakubali kuwa mpigaji mteule, yaani anashika gongo bila kukaba. Tarehe 2 Mei, Triston Casas wa besi ya kwanza akachanika kano ya goti. Uongozi ukamrudia Devers: je, utaishika ya kwanza? Akakataa hadharani, akakumbusha kuwa ni wao waliomwambia aiweke glavu kando. Mmiliki John Henry ilibidi apande ndege mpaka Kansas City kuzungumza naye. Tarehe 15 Juni akauzwa Giants. Na huko San Francisco, baada ya wiki chache, Devers akacheza besi gani? Ya kwanza.

Kwa hiyo hakukataa besi. Alikataa namna alivyoambiwa. Naye alikuwa mgumu, sitamtakasa, lakini lawama kubwa naiweka kwa wakubwa: ukitaka kumwambia beki wa kulia kuanzia kesho atacheza kushoto, unamwambia yeye kabla hujamsajili mwenzake. Kila ninapoona orodha za "nani ajaze pengo" natafuta kitu kimoja ambacho hazina: nani anahama, na je, ameulizwa?

Ni kosa kumwacha Torres? (Columbus, Ohio)

Kwa kutazama nyuma, ni rahisi kusema ndiyo. Tigers walimpata kwa mwaka mmoja, milioni 15, na Julai 2025 mashabiki wakampigia kura aanze mechi ya nyota. Lakini angebaki New York, Chisholm angeendelea kujifunza besi ya tatu. Mimi ningemwacha vilevile.

Mbona hawapandishi vijana wao? (Arusha)

Hupandisha, na wakati mwingine huwatoa bila kujua wanatoa nini. Desemba 2024 Yankees walimchukua mrushaji Devin Williams kutoka Milwaukee, wakatoa Nestor Cortes na kijana mfupi wa safu ya ndani aitwaye Caleb Durbin. Cortes ndiye aliyekuwa na jina. Durbin ndiye aliyeshika besi ya tatu ya Brewers, timu hiyo ya Milwaukee, sehemu kubwa ya msimu, na Brewers wakashinda mechi 97. Besi ya tatu! Nafasi ileile ambayo Yankees waliihangaikia mpaka Julai.

Hapa Houston tulimngoja Nolan Arenado hatukumwona. Mchezaji anaweza kukataa kuuzwa?

Anaweza, ikiwa mkataba una kipengele cha kukataa, na wa Arenado, mtu wa besi ya tatu wa Cardinals, ulikuwa nacho. Desemba 2024 Cardinals na Astros walikuwa wameafikiana, yeye akasema hapana. Hata bila kipengele, aliyecheza ligi kuu miaka 10, mitano ya mwisho mfululizo kwenye timu moja, ana haki hiyo. Mlipata Isaac Paredes kupitia biashara ya Kyle Tucker, si haba.

Sasa besi ya tatu ya Yankees iliishia kwa nani? (Dar es Salaam)

Majira ya baridi waliiacha ilivyo, wakitegemea Oswaldo Cabrera na DJ LeMahieu. LeMahieu aliumia kabla msimu haujaanza. Tarehe 12 Mei kule Seattle, Cabrera alivunjika kifundo cha mguu akiwa anaingia besi ya nyumbani kufunga pointi. Julai LeMahieu akaachwa ilhali mkataba wake ulikuwa wa mpaka 2026, maana yake angeendelea kulipwa akiwa sebuleni. Ndipo Julai 25 wakamchukua Ryan McMahon kutoka Rockies, pamoja na mshahara wake wa mpaka 2027. Ubahili wa Desemba waliulipia Julai.

Gongo la McMahon lilikuwa baridi New York, ila glavu! Mechi ya tatu dhidi ya Red Sox kwenye mtoano wa Oktoba, alikimbilia mpira uliopaa nje ya mstari, akaudaka huku akipinduka kichwa chini ndani ya banda la Boston, akaibuka nao mkononi. Yankees walishinda 4-0.

Kuna Mwafrika aliyewahi kucheza hizo besi kwenye ligi kuu? (Kampala)

Yupo, na ni wa safu ya ndani haswa: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mtunzaji wa klabu ya Randburg Mets, Johannesburg, na mtoto akakulia hapohapo klabuni. Aprili 26, 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, akiwa na Pirates, na mara yake ya kwanza kushika gongo akafika besi kwa mpira wa Jon Lester wa Cubs. Novemba ile Toronto wakamchukua, kwa sababu safu yao ya ndani ilikuwa imejaa majeruhi na walihitaji mtu wa akiba anayeweza kusimama zaidi ya mahali pamoja. Hakudumu, gongo lilimwangusha. Glavu yake haikuwahi kutiliwa shaka.