Programu ya kutunza kumbukumbu za wateja wenye ulemavu

Ndugu, umeuliza ni programu ipi inakifaa kituo chenu cha Tanzania kinachowahudumia watu wenye ulemavu majumbani. Nakushauri uangalie suala la mtandao kabla ya bei, kwa sababu mhudumu anayetembelea familia kijijini lazima aweze kujaza taarifa bila intaneti, kisha azitume akifika penye mtandao. Programu ya CommCare ina uwezo huo, na KoboToolbox pia, ingawa hii ya pili inafaa zaidi kukusanya takwimu kuliko kumfuatilia mtu mmoja kwa miaka. Tofauti hiyo ni kubwa: kituo kinaweza kuwa na fomu nzuri sana na bado kisijue ni mtoto gani aliyeahidiwa kiti mwendo na hajakipata.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo uliza zinahifadhiwa wapi, nani ataruhusiwa kuzifungua, na kama mtaweza kuzichukua zote mkiamua kuhama. Mfanyakazi asiyeona naye aijaribu programu hiyo kwa kisoma skrini, yaani zana inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kioo, kabla hamjatia saini mkataba.