Naongoza wenzangu katika maombi, lakini nikiwa peke yangu siombi

SWALI: Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha vijana cha kujifunza Biblia. Somo naliandaa vizuri, maombi naongoza, na watu huniambia wamebarikiwa. Lakini nikiwa peke yangu siombi, na Biblia naifungua ninapotafuta la kufundisha tu. Juzi binti mmoja aliniuliza huwa naomba vipi ninaposhikwa na hofu. Nilikosa la kumjibu. Je, niache uongozi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Amina.

Usiache, angalau si leo. Swali la huyo binti limekufaa kuliko pongezi zote ulizopewa, maana ameulizia kitu kisichokuwemo kwenye daftari lako la somo. Hata wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo hivyo. Katika Luka 11 alikuwa mahali fulani akiomba, na alipokwisha mmoja wao akamwambia, "Bwana, tufundishe sisi kusali." Walikuwa wamemsikia akihubiri mara nyingi, lakini hatusomi popote kwamba walimwomba awafundishe kuhubiri. Walimwona akiomba, wakasubiri amalize, ndipo wakamwendea.

Hali yako inawapata watumishi wengi, na Wimbo Ulio Bora 1:6 umeitaja waziwazi: "Waliniweka niwe mlinzi wa mashamba ya mizabibu; bali shamba langu mwenyewe sikulilinda." Paulo naye alipowaaga wazee wa Efeso aliwaambia wajitunze nafsi zao kwanza, kisha ndipo akataja kundi (Matendo 20:28). Utaratibu huo haukuja kwa bahati.

Mimi nililelewa na shangazi ambaye hakuwahi kushika cheo chochote kanisani. Alfajiri ukipita mlangoni kwake ungemsikia akitaja majina ya watu kwa sauti ya chini, polepole, kila jina na shida yake. Siku moja nikasikia langu, pamoja na jambo nililodhani hakuna mtu nyumbani aliyeligundua. Hakuniambia neno, wala mimi sikumwuliza. Lakini tangu siku hiyo alipokuwa akinionya nilimsikiliza, kwa sababu nilijua ameshalisemea jambo langu mbele za Mungu kabla hajalisema kwangu. Nimeongoza vikundi vya akina mama kwa miaka mingi, na bado sijaona njia ya kuongoza inayopita hiyo.

Utasema huna muda. Basi soma nami Marko 1 kuanzia mstari wa 32, taratibu. Jua limekwisha kuchwa, mji wote umekusanyika mlangoni, Yesu anaponya wagonjwa. Alfajiri na mapema sana anaondoka, anakwenda mahali pasipokuwa na watu, anaomba. Simoni na wenzake wanamfuata, na wakimwona wanamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Kwa kiongozi hakuna maneno matamu kama hayo! Naye anajibu kwamba waende mahali pengine, akahubiri huko nako. Mtu aliyetoka kuzungumza na Baba yake aliweza kuuacha umati uliokuwa ukimtafuta. Asiyeomba huenda kokote anakoitwa, na baada ya muda uongozi wake unaendeshwa na wanaomwita. Nadhani hapo ndipo ulipofika.

Sasa la kufanya. Tafuta saa ambayo utasoma Biblia bila kalamu na bila daftari. Ukianza tu kuwaza, "Hili litawafaa vijana," umeshahamia kwenye kuandaa somo. Rudi kwenye mstari ujiulize unakudai nini wewe. Na usianze na maombi marefu. George Müller, aliyelea maelfu ya yatima mjini Bristol, Uingereza, aliandika mwaka 1841 kwamba kwa miaka mingi alikuwa akianza asubuhi kwa kuomba, na mara nyingi akili yake ilitangatanga kwa muda mrefu kabla ya kutulia. Alipobadilisha, akaanza kwa kusoma Neno na kulitafakari, maombi yakawa yanatoka katika kile alichokisoma. Fanya hivyo. Soma kifungu kifupi, kisha mjibu Mungu kuhusu hicho hicho, hata kama ni kwa sentensi mbili. Sentensi mbili za kweli zinatosha kuanzia.

Mwombe kiongozi mwenzako unayemwamini akushikie somo kwa muda, na umweleze sababu. Lakini usitangaze kwa kikundi kizima kwamba sasa unaamka saa fulani kuomba. Yesu alisema ufunge mlango (Mathayo 6:6), na siku hizi milango mingi imefunguliwa kwa makusudi ili watu waone. Musa aliposhuka mlimani Sinai hakujua kuwa ngozi ya uso wake inang'aa. Wengine ndio walioona.

Na yule binti usimwache akisubiri. Mwambie swali lake limekuonyesha mahali ulipopungukiwa, umwulize hofu yake ni ya nini, kisha ombeni palepale. Usimtafutie maneno mazuri. Hofu yake itaje kwa jina lake.

SWALI: Mama, kila asubuhi nawaamsha watoto kwa ibada. Wanasinzia, wananung'unika, nami naishia kuwakaripia. Nifanyeje ili waipende?

JIBU: Punguza urefu, mpenzi. Ibada inayoisha kwa makaripio inawafundisha watoto jambo usilolikusudia. Paulo alipoikumbuka imani ya Timotheo alisema ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Kwa hiyo kaa wewe kwanza na Mungu, kabla hujamwamsha yeyote, ili ukiwaita uwe umeshatulia. Kisha chukueni Zaburi 23, mistari sita tu. Kila siku msome mmoja, mtoto mmoja aseme neno lililomgusa, mwingine aombe. Atakayesinzia siku hiyo, mfunike ukaendelee na wengine.