Kabla Hujauza Kitanda, Hesabu Saa za Kurudi

Jumanne usiku nilipata ujumbe wa msomaji, na ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake: “Dada, nina miaka 31, ni muuguzi, nimechoka. Rafiki yangu ananisukuma nijaze fomu za Kanada. Huku kuna hospitali inanipa kazi mji ulio saa nne kutoka hapa nilipo. Nikilala nina jibu moja, nikiamka nina jingine. Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

Mdogo wangu, hapo ulipokaa nilishakaa. Tena si siku mbili, ni miaka minne. Kwa hiyo nivumilie, jibu langu ni refu na sehemu kubwa ni hadithi yangu mwenyewe.

Nilianza mipango ya Kanada nikiwa na miaka 29. Mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, Express Entry, ulioanza Januari 2015, unakupa pointi kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, halafu unakaa kwenye foleni ukisubiri raundi ya kualikwa kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa asiye na mwenza, umri wa miaka 20 hadi 29 una pointi 110. Ukigonga 30 zinakuwa 105. Miaka 31, 99. Miaka 32, 94. Nilizisoma namba hizo nikazipita, kama mtu anayepita tangazo ukutani. Sikujua kwamba ile ni saa, na ilikuwa inanihesabia mimi.

Mtihani wa Kiingereza nikafanya, nikafaulu vizuri, nikajigamba. Matokeo yake yanatumika miaka 2 tu, basi yakaisha muda nikiwa bado foleni, nikalipia tena na kukaa tena chumba kilekile na vile visikio vya kubana masikio. Kila raundi ilipotangazwa, alama ya chini ilikuwa juu yangu kidogo. Kidogo tu! Ndicho kilichoniua, kwa sababu ingekuwa juu sana ningekata tamaa mapema nikaendelea na maisha yangu. Nilipotimiza 33 pointi zangu za umri zilikuwa 88. Yaani 22 zimeondoka na mimi nimekaa kitini.

Lakini hiyo siyo sehemu inayoniuma. Inayoniuma ni kwamba nilishasema. Nilimwambia kila mtu. Mwaka wa pili tu nilishaanza kugawa vitu: kochi kwa binti wa shangazi, jiko kwa jirani, vitabu kwa wenzangu ofisini. Nikanunua sanduku la bluu la kusafiria, nikawa nalipima kwenye mizani ya bafuni. Unapanda nalo mkononi, unasoma, unashuka, unapanda peke yako, unatoa. Kilo 23 zisizidi. Nimelipanga na kulipangua sanduku lile hata sijui mara ngapi, na karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye mshikio.

Basi likaja lile swali. Kama umewahi kuaga ukabaki, unalijua: “Ee, kumbe bado upo?”

Waliliuliza kwa upendo, najua. Waliliuliza kwenye harusi, kwenye foleni ya benki, hata mlinzi wa ofisini kila nikirudi likizo. Mmoja wa ndugu zangu, sitamtaja, aliniita “msafiri” mbele ya watu, na jina likashika. Nilikuwa nakaa kwenye nyumba isiyo na kochi, nakula nikiwa nimesimama, nasubiri nchi ambayo haijaniita. Nilikuwa nimehama tayari, ila mwili tu ndio haukuwa na habari.

Mwishowe nilichukua kazi ya mji mwingine, kwa hasira, sitakudanganya kwamba nilikaa nikapima faida na hasara. Tangazo lilitoka Ijumaa, Jumatatu nimeshatuma barua. Saa tano na nusu kwa basi. Nilitaka tu mahali ambapo hakuna anayejua kwamba nilitakiwa niwe nimeondoka. Miezi ya mwanzo siisimulii, ilikuwa ni kutafuta nyumba na kulia. Kisha siku moja nikanunua kochi. Nililala juu yake na nguo za kazini hadi asubuhi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka wa pili wa huko, saa nane usiku, simu. Baba ameanguka, upande mmoja wa mwili hausikii. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye basi. Kabla ya saa tano asubuhi nilikuwa wodini, nimeshika ule mkono wake uliolegea, na yeye ananitazama kwa jicho moja lililofumbuka vizuri. Hakuweza kusema. Alikuwa anaminya kidole changu kwa mkono wa pili, mara mbili mbili, kama mtu anayepiga hodi.

Kaka yangu yuko nje mwaka wa tisa. Aliondoka bila maneno mengi, tofauti na mimi, na mambo yake yalinyooka. Wiki ile kibali chake cha ukaazi kilikuwa kimepelekwa kuhuishwa, na mwanasheria wake alimwambia ukitoka sasa huenda usirudi. Ana watoto wawili kule. Hakuja. Tukamweka kwenye simu, nikaiegemeza kwenye chupa ya maji pale dirishani, akawa anamwangalia baba. Akaniambia, “Nisogezee mkono wake niuone.” Nikausogeza. Akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani mtandao umekata. Haukuwa umekata.

Bili alilipa yeye, karibu yote. Na kikao cha familia kilipokaa, alishukuriwa yeye kwanza, akaulizwa yeye kwanza baba apelekwe wapi. Mimi niliyekuwa namgeuza mgonjwa ubavu kila saa mbili nilitumwa kutafuta chaja. Nimeshasamehe. Naandika tu ili ujue kwamba hata ukibaki karibu, karibu yako haina risiti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nikikosa mwingine huu unatosha: usihesabu gharama za kwenda, hesabu saa za kurudi. Watu wote wanaohama wanajua nauli ya kwenda mpaka senti ya mwisho. Waulize: simu ikilia saa nane usiku, utafika mlangoni saa ngapi? Na si saa za ndege peke yake, maana ndege ni rahisi. Kuna kibali cha kutoka na kuingia tena, kuna likizo ya mwajiri, kuna makaratasi yaliyo mezani kwa mtu usiyemjua. Kaka yangu alikuwa umbali wa saa kama kumi na nne angani. Kwa makaratasi, alikuwa umbali wa miezi saba.

Andika namba hiyo kwenye karatasi. Kama unaweza kuishi nayo, nenda, wala usimsikilize mtu kama mimi. Kama hauwezi, basi tatizo lako halitatuliwi na Kanada.

Jambo la pili linakuhusu wewe muuguzi. Viza ni kitu kimoja, leseni ni kingine. Uuguzi ni kazi inayosimamiwa, na kule Kanada kila jimbo lina chombo chake cha kusajili. Nje ya Quebec, mtihani wa wauguzi waliosajiliwa tangu 2015 ni uleule wa Marekani, NCLEX-RN. Ujerumani kwa kawaida watataka Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani juu ya wastani, kabla hawajakutambua kama muuguzi kamili. Kuna watu wamepata ukaazi wa kudumu na bado wanabeba maboksi, kwa sababu walikimbizana na viza wakasahau leseni. Anza na leseni. Nasema tena, anza na leseni. Viza bila leseni ni kuhamisha uchovu wako kutoka bara moja hadi jingine.

Na wale wa bahati nasibu ya viza za Marekani, maana najua mpo mnaosoma hapa: nafasi kwa mwaka hazizidi 55,000, na wanaochaguliwa huwa wengi kuliko nafasi zenyewe. Kuchaguliwa siyo kupata. Usigawe kochi.

Halafu kuna kitu nilikuja kukijua nimeshachelewa, na kilinipa faraja ya ajabu. Mwaka 1885 mtaalamu mmoja, Ernst Georg Ravenstein, alichambua sensa za Uingereza za 1871 na 1881 akiangalia watu wanahamia wapi. Akakuta wengi wanakwenda karibu. Wanasogea hatua hatua, kijijini hadi mji mdogo, mji mdogo hadi mkubwa, na kila mkondo wa wanaokwenda una mkondo wake wa wanaorudi. Yeye mwenyewe alikuwa Mjerumani aliyevuka bahari kwenda kuishi Uingereza, lakini namba zake zilimwambia kwamba watu wa namna yake ndio wachache. Mpaka leo ni hivyo hivyo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu wanaoishi nje ya nchi walizozaliwa walikuwa milioni 304, yaani kama 3.7 kati ya kila watu 100. Na ripoti ya maendeleo ya binadamu ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja huohuo wa Mataifa, ya mwaka 2009 iliweka waliohama ndani ya nchi zao kuwa milioni 740, karibu mara nne ya waliovuka mipaka wakati ule. Sisi tuliohama saa tano na nusu kwa basi ndio wengi. Hatuagwi tu kwa keki na picha.

Karibu pia haimaanishi lazima iwe ndani ya nchi yako. Watu wanasema “nje” wakimaanisha bahari, wanasahau jirani. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya anafanya kazi nchi nyingine ya umoja huo bila kuomba viza. Waaustralia na watu wa New Zealand wana utaratibu wao wa kuishi na kufanya kazi kwa kila mmoja tangu 1973. Afrika Magharibi wana itifaki ya mwaka 1979 iliyoanza na siku 90 bila viza, Afrika Mashariki wana Soko la Pamoja tangu Julai 2010. Si kwamba mlango uko wazi kabisa kila mahali, mpakani kuna maofisa na ofisa akiamka vibaya ni ofisa. Lakini kabla hujatangaza kwamba dunia imekufungia, angalia kwanza mpaka unaoweza kuuvuka kwa basi.

Kuna ambao karibu haiwasaidii, na sitaki kujifanya sijui. Mtu ambaye fani yake haina kazi nchi nzima, mtu asiye salama, mtu mwenye mtoto anayehitaji tiba isiyopatikana. Hao wakiniandikia huwa nawaambia nenda, na uende kimya.

Lakini wewe umeniambia umechoka. Umechoka na nini? Katika ujumbe wako wote hukusema. Kazi, bosi, nyumba ya wazazi, mtu fulani? Mimi nilipokuwa nasema Kanada nilikuwa namaanisha “mahali ambapo mama mkubwa hawezi kuja bila kupiga simu”. Hilo lilipatikana saa tano na nusu kutoka nyumbani. Vijana wa sasa mnapenda kuvuka bahari kwa jambo ambalo lingetatuliwa na funguo za chumba chako mwenyewe. Mnatafuta umbali, mnaupa jina la maendeleo. Hamtaki kukaa chini mkajiuliza mnakimbia nini, kwa sababu jibu likiwa dogo mtaona aibu. Na mkishatangaza, ndiyo basi tena, mnakuwa watumwa wa maneno yenu wenyewe, mnasubiri ndege ambayo...

Naona nimeanza kuhubiri. Rafiki yangu anayenisomea makala kabla sijaziweka ameandika pembeni ya aya hii: “Unamsema nani?”

Ungekuwa wewe ungefanyaje, umeuliza. Ningechukua ile kazi ya saa nne, kwa mwaka mmoja, bila kumwambia mtu kwamba ni ya mwaka mmoja. Ningejifunza kupanga chumba, kuugua peke yangu, kukaa sikukuu bila watu wangu, vitu ambavyo huko mbali vingenikuta vyote kwa wiki moja. Huku nikiendelea na leseni polepole jioni. Na ndiyo, pointi zako za umri zitapungua 5 mwaka huo, kutoka 99 hadi 94, sitakuficha. Lakini muuguzi mwenye mwaka mwingine wa kazi na alama za juu za lugha anaweza kuzirudisha. Mimi nilipoteza 22 na sikuwa nimejifunza hata kupika chakula cha mtu mmoja.

Baba anatembea sasa, kwa fimbo. Kaka alikuja baada ya miezi minane, akakaa siku kumi na mbili, akalala kwenye kochi langu mbili kati ya hizo. Usiku wa mwisho aliniuliza kama nimewahi kujuta kutokwenda. Nikamwambia hapana. Nami nikamuuliza kama amewahi kujuta kwenda, akasema hapana, harakaharaka kama nilivyosema mimi, tukaendelea kuangalia televisheni.

Pasipoti yangu inaisha muda mwezi wa saba. Jumamosi nilikwenda kupiga picha ndogo za kuihuisha. Mpiga picha akaniuliza, “Unasafiri lini?” Nikamwambia aweke kola vizuri.